Kosa la Manyovu Lilikuwa Kuzima Apdeti, Siyo RAM

Wengi mmeiona video ya yule fundi wa stesheneri pale Manyovu, akimpigia mwalimu Windows 11 hadi kioo kikaishia cheusi, na tangu itoke vijana wa Kasulu wanabishana: EliteBook ya mwalimu ilikataa Windows 11, au RAM ilikufa? Hakuna kati ya hayo. Mashine iliangushwa na uamuzi mmoja uliofanyika mapema kabisa, wakati kila kitu bado kinaonekana kimekaa sawa. Fundi alizima Windows Update.

Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa safi. Alinakili mafaili ya mwalimu kwenye diski ya nje, akafunga SSD, akaandaa flashi kwa Rufus na kuruka ukaguzi wa TPM 2.0 na Secure Boot bila kubahatisha.

Sasa rudini kwenye kile kipande. Windows 11 toleo la 24H2 limeshapigwa juu ya HP EliteBook 840 G1, mashine ya Core i5 kizazi cha 4. Anafungua services.msc, anashuka hadi Windows Update, anaweka Disabled. Kwa kuwa anajua Windows ina mazoea ya kuiamsha tena huduma hiyo, anaongeza programu ya kuifungia moja kwa moja. Halafu anamgeukia mteja na kumpa sababu mbili: mashine isiyokubalika na Microsoft ikipokea apdeti itajifunga, na pia bando litaliwa.

Sababu ya kwanza si kweli, na inasikitisha kuona inavyorithishwa kutoka fundi hadi fundi. Microsoft inasema kompyuta iliyopigwa Windows 11 bila kutimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti. Inachofanya kwa vitendo tunakijua: apdeti za usalama, zile za Jumanne ya pili ya kila mwezi, zimekuwa zikifika kwenye mashine hizi. Kisichokuja chenyewe ni toleo jipya la mwaka. Hilo unalishusha kwa mkono, unaandaa flashi nyingine, unapandisha. Na hebu tujiulize mwalimu alihama Windows 10 kwa nini. Alihama kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilikatiwa apdeti za usalama. Ukimhamishia Windows 11 na saa hiyohiyo ukamzimia apdeti, umemrudisha alikotoka. Bora angemwacha kwenye Windows 10 22H2 na kumwandikisha kwenye mpango wa apdeti za usalama za nyongeza unaofika Oktoba 2026.

Sababu ya pili ina uzito, na anayeishi milimani huku hahitaji kuelezwa. Ukiwa Manyovu, simu ikidaka mnara wa upande wa Burundi, salio linakwenda bila kuaga. Lakini Windows ina jibu la tatizo hilo. Unaingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, unaiambia kwamba muunganisho huu ni wa kupimwa, metered, na sehemu kubwa ya apdeti inasubiri. Unazima na ule mtindo wa mashine kuwagawia wengine apdeti kupitia intaneti yako. Mwalimu akishuka Kasulu kwenye Wi-Fi ya mtu, anaruhusu, zinashuka. Bando linapona na mashine inabaki na ulinzi.

Tuendelee, maana hapa ndipo uamuzi ule ulipoanza kuzaa. Mliona mwanga wa kioo haupungui wala kuongezeka, na maandishi yamekaa makubwa. Ukifungua Device Manager, kwenye kadi ya picha imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Maana yake Windows haina dreva la Intel HD 4400 na inatumia la kujikimu. Dreva hilo lipo, ni lile la Windows 10, na njia yake ya kawaida ya kufika kwenye mashine ya umri huu ni Windows Update. Njia imefungwa, na aliyeifunga ni yeye.

Kulikuwa na onyo, tena la maandishi. Programu ya mwalimu ya kujumlishia alama inataka .NET Framework 3.5. Fundi akaiwasha, Windows ikajibu kwa kosa 0x80070422. Namba hiyo haina fumbo. Inasema huduma inayohitajika imezimwa. Kidole kilikuwa kinaelekezwa kwenye kosa lenyewe, na yeye akafunga dirisha na kusema programu ya mwalimu ni ya kizamani. Nimeirudia sehemu hii ya video kuliko nyingine yoyote, kwa sababu pale alikuwa na nafasi ya kurudi services.msc na kumaliza kazi ndani ya nusu saa.

Badala yake akatoa flashi yenye lundo la madreva ya kila aina, akaruhusu yapakiwe yote kwa mkupuo. Dreva la picha lisilo lake likaingia. Mashine ikajiwasha upya, nembo ya HP ikatokea, vile vidoti vikazunguka, kisha kioo kikawa cheusi.

Na hapo akafungua mfuniko wa chini, akachomoa RAM na kuisugua kwa kifutio.

Ndugu zangu mafundi, RAM ikiwa mbovu kiasi cha kuzuia picha, nembo ya HP haifiki. Mashine hizi hupepesa taa ya Caps Lock kutangaza hitilafu ya RAM kabla kioo hakijawaka. Hapa nembo ilikuja, Windows ikaanza kupanda, na giza likaingia pale dreva la picha linapokabidhiwa kazi. Aliye na macho anajua aanzie wapi. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B ili dreva la picha lianze upya. Isipoitika, ikatishe mara kadhaa wakati inawaka hadi ikupeleke kwenye ukarabati, ingia Safe Mode, ondoa lile dreva pamoja na faili zake, washa tena. Kifutio hakina nafasi katika mlolongo huo.

Nawakumbuka mafundi wa Windows XP, wale waliofanya kazi Kasulu na Kibondo umeme ukiwa bado wa jenereta za dizeli za TANESCO. Kompyuta mpakato za SATA zilipoanza kuingia, XP ilikuwa ikizigomea kwa kioo cha bluu, 0x0000007B. Hawakusugua chochote. Walisoma namba, wakaelewa kwamba XP haina dreva la AHCI, wakabadili BIOS iwe IDE, au wakakaa na nLite na kulipachika dreva ndani ya CD. Hawakuwa na video za kuwaelekeza. Fundi wa sasa ana intaneti mfukoni na anafunga dirisha lenye jibu.

Microsoft nayo siiachii. Juni 2021 ilichora mstari kwenye kizazi cha 8 cha Intel, ikakata mashine nzima nzima zenye nguvu ya kutosha. Miezi miwili baadaye ikaruhusu Core i7-7820HQ ya kizazi cha 7, prosesa iliyomo kwenye Surface Studio 2, kompyuta yake yenyewe. Sharti la 24H2 la kudai SSE4.2 nalielewa, kwa kuwa Core 2 Duo haina maelekezo hayo na mashine haiwaki kabisa. Kizazi cha 4 kinayo. Kukikataa ni uamuzi wa biashara, na wanaobeba gharama ni walimu wanaonunua mitumba.

Na nitasema tena nililolisema miaka yote. EliteBook ile ingepanda Linux Mint bila kuruka ukaguzi wowote, dreva la Intel likiwa tayari ndani ya kernel. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Watu wale walituonyesha kwamba mashine ya ofisi ya Mtanzania inaweza kutumika bila kuomba ruhusa Redmond. Tuliwapigia makofi, kisha tukarudi kutafuta vifunguo vya kuibia Windows.

Mashine ya mwalimu inapona. Dreva liondolewe, ile programu ya kufungia apdeti itolewe, huduma ya Windows Update irudishwe Manual, Wi-Fi iwekwe metered, .NET 3.5 iwashwe tena. Na fundi amwandikie mteja wake kwenye karatasi ya risiti: 24H2 inaisha tarehe 13 Oktoba 2026, kabla ya hapo mashine iletwe ipandishwe 25H2 kwa mkono.