Kamba Iliyokatika: Batman na Hadhira ya Watoto

Swali la iwapo katuni ya shujaa inawafaa watoto wadogo aghalabu hujibiwa kwa kuhesabu ngumi. Kigezo hiki hakitoshi. Katika mfululizo wa Batman: The Animated Series, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka wa 1992, sehemu iitwayo Robin's Reckoning (1993) inasimulia jinsi mvulana Dick Grayson alivyofiwa na wazazi wake katika maonyesho ya sarakasi. Kuanguka kwao hakuonyeshwi. Mtazamaji anaona tu kamba ya pembea ikirudi, imekatika, haina mtu. Hapana damu wala maiti.

Kwa mtu mzima, taswira hii inatosha. Mtoto wa miaka minne huenda asiielewe kabisa. Wa miaka sita huenda akaielewa na kubaki na hofu ya kufiwa na wazazi wake mwenyewe. Tatizo liko hapo, wala si katika ngumi. Ngano za mazimwi nazo hutisha, lakini fanani huiona hadhira yake na kupunguza makali panapohitajika. Runinga haina uwezo huo.

Hata hivyo, katuni hii ina sifa yake. Kifo ndani yake kina uzito, naye Robin, ampatapo hatimaye mwuaji wa wazazi wake, anamwachia polisi badala ya kumwua. Kwa hiyo, haifai mtoto mdogo aachwe nayo peke yake. Inamfaa yule aliyeketi na mtu mzima awezaye kumweleza maana ya kamba ile.