Kinamsomea Nani?

Kuna sentensi moja ambayo pengine umeikubali mara nyingi kuliko sentensi yoyote ya kitabu unachokipenda, na bado huikumbuki. Ukitaka kuongeza kiendelezi kwenye kivinjari cha Chrome, kijisanduku kinatokea kukuuliza kama una uhakika. Maneno yake, kwa Kiswahili, ni karibu haya: kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote katika tovuti zote. Firefox nayo ina sentensi yake, jamaa ya hiyo. Chini kuna vitufe viwili. Tunabofya cha kuongeza, maisha yanaendelea.

Mimi nilibofya miaka miwili iliyopita. Leo nataka kuihakiki sentensi hiyo kama ninavyohakiki hadithi, kwa sababu ilinigharimu.

Kazi yangu ni kuhariri. Kivinjari changu kilijua Kiingereza peke yake, kwa hivyo kila nikiandika Kiswahili mistari myekundu ilijaa chini ya maneno. "Shangazi" ni kosa. "Nilipomwona" ni kosa. Mwisho nikachoka. Nikaingia kwenye duka la viendelezi, nikatafuta cha kusahihisha tahajia, nikachukua cha kwanza chenye nyota nyingi. Kijisanduku kikatokea, nikabofya. Mistari ikapungua. Nikaona sawa tu.

Miezi kadhaa baadaye mwandishi mmoja akanitumia insha kuhusu ndoa yake. Aliomba jina lake lisitokee, na tukakubaliana kwamba kabla ya kuchapishwa insha ile itasomwa na watu wawili tu, yeye na mimi. Tuliihariri kwa barua pepe, ndani ya kivinjari, kwa wiki tatu. Jina la mume, mtaa wanaoishi, shule ya watoto: yote yalikuwemo kwenye rasimu kabla hatujayafuta. Kisha siku moja, nikitafuta jambo lingine kabisa, nikafungua ukurasa wa sera ya faragha ya kile kiendelezi. Ilikuwa wazi, kwa Kiingereza cha mawakili. Maandishi yangu yalikuwa yakitumwa kwenye seva ya kampuni ili yasahihishwe, na yangeweza kuhifadhiwa ili kuboresha huduma.

Nikampigia simu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Sasa mhariri, ni nani mwingine amesoma?"

Nikamwambia sijui.

"Hujui kama yuko, ama hujui ni nani?"

Sikuwa na jibu. Ndipo niliporudi kwenye kile kijisanduku kukisoma kama mtu anayelipwa kusoma.

Tuanze na neno "kinaweza". Kitenzi hiki kinazungumzia uwezo, hakizungumzii tendo. Mbwa wa jirani anaweza kuuma. Sijaambiwa kama ameuma, anauma sasa hivi, au ataniuma kesho nikipita. Kiswahili kina njeo za kutosha za kulisema jambo hili: kinasoma, kitasoma, kimeshasoma. Sentensi ya kijisanduku imezikimbia zote. Kisheria pengine inasema kweli. Kama simulizi, ni mwandishi anayetuambia kwamba mhusika ana kisu mfukoni halafu anafunga sura.

La pili ni kauli ya kutendea. Lugha yetu ina herufi chache zinazobeba swali zima: kusoma si kusomea. Mtoto akisoma barua ya nyanya yake, amesoma. Akimsomea nyanya, tunajua barua imefika kwa nani. Kijisanduku kinasema "kusoma" na kuishia hapo, kama kwamba kiendelezi ni mtu mpweke anayejisomea kwa raha zake chini ya mwembe. Swali la yule mwandishi lilikuwa la kutendea: kinamsomea nani? Jibu lake linafichwa kwenye sera ya faragha, mbofyo mwingine mbele, ambako wengi wetu hatufiki.

La tatu, na ndilo linaloniuma zaidi, ni kimilikishi "yako". Data yako. Fungua sanduku lako la barua pepe uhesabu: zilizo nyingi umeandikiwa na watu wengine. Mle ndani mna siri za dada yako, matokeo ya hospitali ya rafiki, rasimu za waandishi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahsusi, na ya mtu aliyeelewa anachokubali. Mimi nilitoa ridhaa kwa sekunde moja, kwa jambo nisilolielewa, na nusu ya nilichokiruhusu hakikuwa changu.

Mtu ataniambia: si kuna nyota? Si kuna maoni ya watumiaji? Nyota ni sifa za jalada la nyuma; zinatuambia kitabu kilipendwa, hazituambii kimemfanyia nini msomaji. Mfano mzuri ni Web of Trust, kiendelezi kilichopendwa sana ambacho kazi yake ilikuwa kutuonyesha tovuti zipi ni za kuaminika. Mnamo Novemba 2016 waandishi wa habari wa shirika la utangazaji la NDR, Ujerumani, walifichua kwamba data za matembezi ya watumiaji wake mtandaoni zilikusanywa na kuuzwa, na kwamba iliwezekana kuwatambua watu binafsi kutokana nazo. Kiendelezi kikaondolewa madukani kwa muda. Mlinzi wa lango alikuwa akiandika majina ya wageni.

Kisha kuna The Great Suspender, kilicholaza vichupo usivyovitumia ili kompyuta ipumue. Kilikuwa kazi nzuri, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuukagua. Mwaka 2020 kikauzwa kwa mmiliki mpya, na Februari 2021 Google ikakiondoa na kukizima kwenye vivinjari vya watu, ikisema kina programu hasidi. Hapa uhakiki wa kawaida unashindwa. Kitabu nilichonunua jana hakibadilishi kurasa zake usiku nikiwa nimelala. Kiendelezi hujisasisha chenyewe, na mwenye nacho mpya asipohitaji ruhusa zaidi ya zile ulizotoa, hakuna anayekuuliza tena. Jalada ni lile lile, mwandishi ni mwingine.

Lakini nisiwe kama mtu aliyeumwa na nyoka anayeogopa hata unyasi. Viendelezi vingi vya kuzuia matangazo huutazama ukurasa ili viyazuie, na kinachosahihisha lazima kisome. Kwa miaka mingi, mtumiaji wa Thunderbird aliyetaka kufunga barua pepe zake kwa fumbo la OpenPGP alitafuta kiendelezi kiitwacho Enigmail. Mwaka 2020 uwezo huo uliingizwa ndani ya Thunderbird yenyewe, toleo la 78. Ni kiendelezi, basi, kilichowakinga watu wasisomwe.

Na hata kwenye tahajia kuna namna mbili, ambazo laiti ningezijua mapema. Kamusi za tahajia zinazoongezwa kwenye Firefox na Thunderbird ni faili za maneno na kanuni za viambishi zinazokaa ndani ya kompyuta yako. Zinasahihisha hapo hapo, bila kumpelekea mtu chochote. Kwa Kiswahili zinapata taabu, maana ni kanuni ngapi zitatosha "nitakapomwandikia" na jamaa zake wote? Namna ya pili hupeleka maneno yako nje, kwenye mashine kubwa, na hurudi na majibu mazuri zaidi. Dukani zote zinaitwa kusahihisha tahajia. Mmoja ni mhariri anayekaa nawe mezani, mwingine ni mhariri anayeondoka na mswada.

Siku hizi, kabla ya kubofya, nauliza maswali ya mhakiki. Nani ameandika hiki, na bado ni yeye? Kinapeleka wapi kinachosoma? Kwenye Chrome naingia kwenye orodha ya viendelezi na kubadilisha ruhusa, kiendelezi kisome nikikibofya tu, au kwenye tovuti niliyoichagua, si zote. Nisichokitumia nakiondoa. Na mswada wa mtu aliyeniomba siri siufungui kwenye kivinjari kabisa.

Nimejaribu pia kuiandika upya ile sentensi: "Kiendelezi hiki kitasoma kila unachoandika na kila ulichoandikiwa, kitampelekea aliyekitengeneza au atakayekinunua, hadi siku utakapokiondoa." Ni ndefu, na najua hakuna duka litakaloichukua, kwa sababu mtu akiisoma atasita. Lakini kusita kwa msomaji ndiko kulikokusudiwa, kama kweli kijisanduku kile kiliwekwa ili tuulizwe.

Yule mwandishi hakuniacha. Insha tuliichapisha, imepunguzwa zaidi ya nilivyotaka, kwa uamuzi wake. Ya pili aliituma mwezi uliopita, si kwa barua pepe. Ilikuja kwa parseli ya matatu, bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi na juu yake selotepu. Mbele palikuwa na jina langu, na chini yake, kwa mwandiko wa kalamu, jina la dereva na nambari za gari. Alitaka nijue ni nani aliyeibeba.