Kula na Kulala Juu ya Bosi

Tangazo la kazi ni maandishi kama maandishi mengine, na linastahili kuhakikiwa. Chukua lile linalobandikwa ukutani na kuzungushwa WhatsApp: wanahitajika wadada wa kuhudumu baa na gesti, wawe wachangamfu, kula na kulala juu ya bosi. Makambako, ambako barabara ya Songea inaungana na ile ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na madereva wa malori hulala, kazi hizo hazikosi watu. Njombe mjini vilevile.

Mwandishi wa tangazo hilo anajua cha kuacha. Hataji mshahara, saa za kazi wala siku ya kupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike mambo ya msingi ya ajira. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko yawe saa 24 mfululizo kila wiki, na kazi ya usiku ilipwe nyongeza ya asilimia 5. Inakataza pia ubaguzi wa kabila au mahali mtu alikotoka.

Maneno ya kuangaliwa zaidi ni yale ya mwisho. "Juu ya bosi" yanasikika kama ukarimu. Kwa binti aliyetoka Songea au Dodoma, asiye na ndugu mjini, ni nafuu kweli. Kodi ya chumba na baridi ya Juni si mchezo. Ila anayelala kazini hana saa ya kutoka kazini. Mgeni akigonga saa 9 usiku, ataamka. Akigombana na bosi, anapoteza kazi, kitanda na chakula siku hiyohiyo. Ndiyo maana hadai.

Wakati wa ukoloni vijana wa Njombe walikwenda mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Nao walikuwa na kambi na posho ya chakula. Leo Njombe ndiyo inayopokea.

Makala zetu za safari zina udhaifu uleule wa tangazo. Msafiri anashuka Makambako, anaagiza supu, anasifia tabasamu la mhudumu, anapanda basi. Tabasamu hilo ni sharti la ajira, yeye kalisoma kama hulka. Makala bora ingemuuliza dada huyo jina lake, alikotoka, anakolala na siku anayopumzika. Iulize bosi akiwa mbali.