Mafundi wa Kutuliza Nyumba

Nyumba ikiandamwa na vishindo vya usiku, watu wa Mbwara, Rufiji, kama kwingine pwani, humwita mwalimu wa chuo au mganga wa ngoma.

Mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha maandishi kwa marashi. Hilo ndilo kombe, na wenye nyumba hulinywa. Mganga hufukiza ubani, ngoma zikalia mpaka shetani ampande mtu kichwani. Hapo hafukuzwi ovyo! Anaulizwa jina, kwao na anachotaka.

Rufiji inaujua uzito wa pepo: mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyepandwa na pepo Hongo, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwaka 1905.

Nchini Tanzania, tiba asili ina sheria yake tangu 2002. Hongera ziwaendee wanaotuliza nyumba bila ramli chonganishi.