Yasmin wa ‘Vuta N’kuvute’ hakuhitaji kugeuzwa ili awe mwenzetu

MAHINDI asili yake ni bara la Amerika. Waswahili waliyanasibisha na Bara Hindi na jina likakwama. Leo hakuna Mkenya anayeuliza sima yake ilihamia huku lini. Ila Mkenya wa kizazi cha nne, aliyezaliwa Kisumu na kusomea Kisumu, bado anaulizwa: “Wewe Muhindi, kwani kwenu hasa ni wapi?”

Swali hilo limeingia pia katika uhakiki wetu wa fasihi. Tuchukue mfano wa ‘Vuta N’kuvute’, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka wa 1999. Mhusika wake mkuu ni Yasmin, msichana wa Kihindi katika Unguja ya wakati wa ukoloni. Anaozwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Anamtoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng’ambo asiye na mali. Huko ndiko anakokutana na Denge, mpigania uhuru anayesakwa na askari wa mkoloni.

Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wahakiki, huisoma safari hiyo kwa sentensi moja: Yasmin aliacha Uhindi, akawa Mswahili. Sentensi hiyo ni ya sifa. Wanaoitoa wanaipongeza riwaya kwa kuvunja kuta za rangi na tabaka, na kuta hizo kweli zinavunjwa.

Hata hivyo, sentensi hiyo ina kasoro kubwa. Inachukulia kwamba kabla ya kuvuka kwenda Ng’ambo, Yasmin alikuwa mgeni. Mgeni wa nani? Yasmin ni mtoto wa Unguja. Mji Mkongwe alikotoka ni Zanzibar sawa na Ng’ambo alikokimbilia. Anachokivuka ni mpaka wa tabaka na wa mamlaka ya wazee. Bwana Raza hamkeri kwa kuwa ni Mhindi. Anamkera kwa kuwa ni mume asiyemchagua. Tukisema ameuacha Uhindi, tunageuza ndoa ya kulazimishwa kuwa tabia ya kabila zima, kana kwamba wasichana wa jamii nyingine hawajawahi kuozwa wazee.

Tumlinganishe na Deepa katika riwaya ya Kiingereza ya M.G. Vassanji, ‘The In-Between World of Vikram Lall’, iliyotoka mwaka wa 2003. Deepa na kakake Vikram wanakulia Nakuru miaka ya Mau Mau. Babu yao aliletwa kutoka India kujenga reli. Deepa anampenda Njoroge, Mkikuyu aliyecheza nao utotoni, lakini familia yake inaukataa uhusiano huo. Naye Vikram anatusimulia haya yote akiwa mafichoni Kanada.

Vassanji anaonyesha jinsi mtoto wa mhamiaji anavyobanwa pande zote mbili: nyumbani anaambiwa asichanganyike, nje anaambiwa hajachanganyika vya kutosha. Shafi anampa Yasmin kitu ambacho Deepa hakukipata, yaani jirani. Mwajuma hamuulizi Yasmin asili yake wala hamwekei masharti. Anamfungulia mlango tu. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa riwaya hii. Sisi wahakiki ndio tunaoongeza sharti ambalo Mwajuma hakuliweka: kwamba mgeni sharti abadilike kwanza.

Kiswahili chenyewe kingetufunza vyema. Neno ‘gari’ lina asili ya Kihindi. Limeingia katika ngeli ya LI-YA, linapokea viambishi vyetu, na hakuna anayelidai lifiche asili yake. Ni hali moja na ‘pesa’ na ‘gunia’. Sarufi imeyapa maneno hayo nafasi bila kuyafutia ukoo. Kwa nini watu tuwawekee masharti magumu kuliko maneno?

Mwaka wa 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wapo walioshangilia na wapo waliohoji kwa nini raia ahitaji kabila ndipo atambuliwe. Vyovyote iwavyo, tangazo la serikali haliwezi kufuta swali la “kwenu ni wapi?” Swali hilo hulelewa darasani, sokoni na katika namna tunavyosoma vitabu.

Basi mwalimu atakayefunza ‘Vuta N’kuvute’ muhula huu asiwaulize wanafunzi ni lini Yasmin aligeuka Mswahili. Awaulize ni nani aliyemfungia mlango, ni nani aliyemfungulia, na kila mmoja alikuwa na sababu gani.