"Sipiyu Imejaa": Kitenzi Kibaya na Hasara Yake

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki usemi mmoja tu, nao ni "sipiyu imejaa". Usemi huu umeenea katika vibanda vya mafundi na katika ofisi, na mwandishi ameusikia mara nyingi Iguguno, mji mdogo wa Wilaya ya Mkalama ulio kando ya barabara itokayo Singida kwenda Nzega. Anayedhani kuwa mjadala wa istilahi ni anasa ya wasomi, na atazame hasara iliyoletwa na maneno hayo mawili.

Kompyuta ya nyumbani kwa mwandishi ilianza kwenda polepole, kisha ikawa inaganda, na hatimaye ikawa inajizima yenyewe kila alasiri. Kipimo chake kilionyesha asilimia 100. Fundi alitamka kwamba sipiyu imejaa. Kwa kuwa kilichojaa hupunguzwa, mwandishi alifuta picha na nyaraka nyingi, zikiwamo alama za wanafunzi za mihula miwili. Kompyuta iliganda kama awali. Ilipofunguliwa baadaye, feni yake ilikutwa imezibwa na vumbi.

Kosa la kwanza limo katika jina. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo hilo lilipoondoka, watu walizipokea mashine pamoja na majina yake ya kigeni. "Sipiyu" ni herufi tatu za Kiingereza zilizotamkwa kwa Kiswahili, na wengi huliita hivyo sanduku zima la kompyuta. Kumbe kinachopimwa ni kipande kidogo kilichomo ndani, kinachotekeleza maagizo ya programu. Walimu hukiita "ubongo wa kompyuta". Jina hilo lamfaa mwanafunzi anayeanza, lakini ubongo hutunza kumbukumbu pia, hivyo tunarudishwa kwenye kosa lile lile. "Kichakataji" ni bora zaidi, kwani limetokana na kuchakata, kitenzi ambacho wakulima wa mkonge wanakifahamu vema.

Kosa la pili, ambalo ni kubwa zaidi, limo katika kitenzi. Kujaa ni sifa ya kitu chenye nafasi ya kuwekea: debe, ghala, diski. Kichakataji si ghala. Asilimia zake hupima muda: 100 maana yake ni kwamba katika kipindi kilichopimwa hakikupumzika hata kidogo. Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kukamua alizeti, zao linaloutambulisha Mkoa wa Singida, ataelewa mara moja. Mashine ikilishwa kupita uwezo wake huelemewa, na kupunguza magunia yaliyomo ghalani hakuisaidii kitu.

Kwa hiyo twapendekeza vitenzi vitenganishwe kama ifuatavyo:

(a) Kuelemewa. Hiki kiwe cha kichakataji chenye kazi nyingi mno. Tiba yake ni kufungua orodha ya programu zinazoendeshwa (katika Windows hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja), kuitambua iliyotwaa sehemu kubwa, na kuifunga ikiwa haihitajiki. Kuelemewa kwa muda mfupi, mathalani wakati mfumo unaposasishwa, si hitilafu.

(b) Kujaa. Hiki kibaki kwa diski na kumbukumbu tu. Diski hupunguzwa kwa kufuta au kuhamisha majalada. Kumbukumbu ya muda hupunguzwa kwa kufunga programu.

(c) Kupata joto. Kichakataji kikipata joto mno hupunguza kasi yake chenyewe ili kisiungue, na hapo hata kazi ndogo hukielemea. Joto likizidi, mashine hujizima. Tiba ni kusafisha feni na matundu ya hewa, na kubadilisha krimu ya kupitishia joto iliyokauka.

(d) Kuganda. Neno hili wananchi wamelibuni kwa ustadi, nalo ni bora kuliko "kustaki". Lakini wafasiri wakumbuke kuwa hutaja dalili, wala halitaji chanzo. Kompyuta huweza kuganda kwa sababu yoyote kati ya zilizotangulia.

Huenda ikasemwa kwamba mazoea ndiyo mwamuzi wa lugha, na kwamba watu wamekwisha kulizoea neno "sipiyu". Hoja hii ina uzito, na hakuna kamati iwezayo kuwazuia watu kusema wapendavyo. Lakini mazungumzo ni jambo moja, na mwongozo wa matengenezo ni jambo jingine. Katika mazungumzo msikilizaji huweza kuuliza. Msomaji wa mwongozo, akiwa peke yake usiku mbele ya mashine iliyoganda, hana wa kumwuliza.

Basi mfasiri asitosheke na kutafuta jina la kifaa. Atafute pia kitenzi kinachosema kifaa hicho kimepatwa na nini. Mwalimu awafundishe wanafunzi kutofautisha kujaa na kuelemewa. Naye mtumishi wa serikali ajazaye fomu ya matengenezo aandike alichokiona: mashine inajizima, inapata joto, inaganda. Mwandishi angeliambiwa "mashine yako inapata joto", angelitafuta brashi ya kufutia vumbi, na alama za wanafunzi wake zingelikuwapo hata leo.