Ibilisi Asiyenguruma

Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba Shetani ana pembe na mkia. Filamu nyingi zimemwonyesha hivyo, nasi tukimwona tunacheka. Lakini katika The Passion of the Christ, filamu ya Mel Gibson iliyotoka mwaka 2004, hakuna anayecheka. Aliyemwigiza Shetani ni Rosalinda Celentano wa Italia. Wachache wetu tunalijua jina lake, ila sura yake hatuisahau.

Filamu inaanza usiku, Gethsemane. Yesu anaomba, wanafunzi wamelala. Karibu naye amesimama mtu aliyejifunika vazi jeusi, uso umepauka, nyusi zimenyolewa. Uso ni wa mwanamke, sauti ni ya mwanamume. Hamgusi Bwana wala hapazi sauti. Anamwuliza taratibu kama kweli mtu mmoja anaweza kubeba dhambi za watu wote, kisha anamwambia kwamba haiwezekani. Nyoka anatoka chini ya vazi lake. Yesu anainuka na kumponda kichwa kwa kisigino, na msomaji wa Mwanzo sura ya 3 anaelewa mara moja.

Nguvu ya uigizaji huu ni utulivu wake. Petro alimfananisha adui na simba angurumaye, nasi tumezoea kumkemea kwa sauti kubwa. Celentano anatuonyesha adui anayekuja wakati wa maombi na kusema kama rafiki mwenye huruma: umechoka, huu mzigo si wako. Mama anayemuuguza mumewe mwaka wa tatu anaifahamu sauti hiyo. Kijana aliyeacha pombe juzi anaifahamu pia.

Hata hivyo tuna neno juu ya filamu yenyewe. Injili hazisemi kwamba Shetani alionekana bustanini, ingawa Luka 4:13 inatuambia kwamba alimwacha Yesu kwa muda tu. Hilo tunaweza kulipokea. Lakini Luka 22:43 inamtaja malaika aliyemtia Bwana nguvu usiku ule, na malaika huyo filamu imemwacha. Tumeonyeshwa mjaribu, hatukuonyeshwa msaada. Anayejaribiwa leo anahitaji kuwajua wote wawili.

Jambo la pili linatuhusu sisi watazamaji. Katika jamii zetu, bibi vikongwe wameitwa wachawi, na wengine wameuawa, kwa sababu tu ya macho mekundu. Tusitoke kwenye filamu hii tukimtafuta Shetani katika uso wa jirani. Filamu yenyewe inatusahihisha: katika njia ya kwenda Golgotha, Shetani anapita upande mmoja wa umati, na upande wa pili anapita Maria, mama yake Yesu. Wanatazamana. Uso wa mwanamke uko pande zote mbili za njia ile. Kinachowatenganisha si sura, bali ni kile ambacho kila mmoja anamtakia yule aliyebeba msalaba.

Yule aliyenong'ona tangu mwanzo anapaza sauti mwishoni, Yesu akiisha kufa. Yuko peke yake mahali pakavu, anapiga ukelele. Hapo ndipo tunapousikia mngurumo wake, nao ni kilio cha aliyeshindwa. Tukisikia tena ule mnong'ono wa upole, tukumbuke jinsi ulivyoishia.